Mfoko wa Mafuta katika Hewa Nyepesi

Jina la Plateau limetoka katika lugha za Ulaya, na maana yake ni nchi iliyoinuka kisha ikatanda sawasawa kama meza. Mahali hapa, basi, pameitwa kwa umbile lake, si kwa mtu wala kwa tukio. Ni stesheni ya reli na soko dogo katika Uasin Gishu, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Eldoret, kando ya ile njia ya reli inayopanda kutoka Nakuru, ikavuka kilele cha Timboroa kwa zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha ikateremka polepole mpaka Eldoret, ambako ilifika mwaka 1924. Mashamba ya ngano na mahindi yameizunguka. Wageni husifu baridi ya asubuhi na upana wa mbingu. Wenyeji huishi bila ya kukumbuka kwamba wako zaidi ya mita 2,100 juu ya bahari. Na kwa nini wakumbuke? Mtu hahisi urefu wa mlima aliozaliwa juu yake.

Lakini vitu visivyo na roho hukumbuka. Maji hapa hayangoji 100 °C ili yachemke. Huchemka yapatapo kama 93 °C, na kwa sababu hiyo maharagwe yetu hula kuni nyingi kuliko maharagwe ya Mombasa. Hewa iliyotulemea ni chache. Uzito wake ni kama sehemu 78 kwa 100 za uzito wa hewa ya pwani. Naomba ruhusa ya msomaji niliite shinikizo la hewa ya ufukweni kipimo kimoja, ili tusichoshane kwa majina mengi ya kigeni. Kwa hesabu hiyo sisi tunaishi chini ya robo tatu ya kipimo na ushei. Mpishi mwenye sufuria ya kifuniko cha kukaza huyaongezea maji shinikizo, nayo hupata joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Maharagwe yakaiva upesi. Mpishi huyo amekwisha kujua, pasipo kitabu, kwamba hali ya majimaji haitawaliwi na joto peke yake. Joto na shinikizo hutawala pamoja.

Nimeanza na sufuria kwa kuwa jambo ninalokusudia kulieleza ni la sufuria pia, ijapokuwa sufuria yenyewe ni silinda ya trekta. Ni jambo la mafuta ya dizeli yanaporushwa kwa nguvu ndani ya hewa iliyoshindiliwa mpaka ikawa moto mkali. Watu wengi, na miongoni mwao waliosoma, hudhani kwamba wanajua yanayotokea mle. Husema kuwa mafuta hupasuka yakawa matone madogo kama ukungu, matone hukauka yakawa mvuke, na mvuke huwaka. Maelezo hayo yana uzuri wa kueleweka upesi. Ukweli wenyewe ni wa ajabu zaidi, na kwa mtu anayekaa Plateau una faida hata ya fedha.

Mwaka 1822 Mfaransa mmoja, Charles Cagniard de la Tour, alichukua kipande cha mtutu wa bunduki, akatia ndani yake majimaji kiasi na gololi ya jiwe gumu, akaziba ncha zote mbili, akautia joto. Kila alipoupindua mtutu alitega sikio, akasikia gololi ikipiga uso wa majimaji. Joto lilipozidi sana, mlio ule ukakoma. Mtutu haukuvuja, wala majimaji hayakupotea. Kilichopotea ni ule uso uliokuwa ukitenga majimaji chini na mvuke juu. Baadaye alitumia mirija ya kioo, akaona kwa macho yale aliyoyasikia kwa masikio. Sishauri mwanafunzi yeyote amfuate: mtutu uliozibwa na kutiwa motoni ni bomu. Lakini napenda kumfikiria mtu yule ameinamisha sikio lake juu ya chuma, akisikiliza ukimya, na kutambua kwamba ukimya ule ni habari.

Thomas Andrews wa Belfast ndiye aliyelipima jambo hili kwa makini, akalieleza mbele ya wataalamu wa London mwaka 1869. Alitumia kaboni dioksidi, ile gesi inayofanya soda itoe povu. Aligundua kwamba chini ya 31 °C gesi ile ikishindiliwa hugeuka majimaji, na uso wake huonekana wazi. Juu ya 31 °C haigeuki majimaji hata ishindiliwe namna gani. Kila kitu cha namna hiyo kina mpaka wake. Mpaka wa kaboni dioksidi ni 31 °C na shinikizo la vipimo 73. Wa maji ni 374 °C na vipimo 218. Mpaka huo nitauita upeo. Kitu kilichovuka upeo wake kwa joto na kwa shinikizo pamoja si majimaji wala si gesi kama tunavyozijua. Kinaweza kuwa kizito karibu kama majimaji, na kikajaza chombo chote kama gesi. Nacho hakina uso.

Tuna mfano wa karibu. Iko mitungi myekundu ya kuzimia moto, iliyojazwa kaboni dioksidi, katika maofisi na maghala mengi ya Kenya. Asubuhi ya baridi hapa Plateau, ndani ya mtungi kama huo mna majimaji chini na gesi juu. Uchukue mtungi uleule mpaka Mombasa, uuweke ghalani mchana wa joto la 33 °C, na mstari uliotenga viwili hivyo umekwisha kufutika. Hakuna aliyeufungua, hakuna aliyeongeza wala kupunguza kitu. Safari tu ya kutoka bara hadi pwani imeuvusha upeo.

Sasa natuangalie tone. Kwa nini tone la maji ni la mviringo? Kwa sababu uso wa majimaji hujivuta wenyewe kama ngozi ya ngoma, na ngozi ile hulikusanya tone kwa pamoja. Majimaji yakikaribia upeo, ngozi hiyo hulegea. Yakifika upeo, haipo. Basi likiulizwa swali, majimaji yakirushwa kutoka tundu dogo na kuingia mahali ambapo upeo wake umevukwa, je, yatafanya matone? Akili hujibu yenyewe: tone bila ngozi ni jambo lisilowezekana. Lakini akili yafaa ishuhudiwe na macho. Waliotangulia kutafuta ushahidi huo kwa bidii ni watu wa roketi, kwani katika injini zao kubwa oksijeni ya baridi kali hurushwa ndani ya chumba chenye shinikizo kupita vipimo 50 vya upeo wake. Mwaka 1996 Wolfgang Mayer na Hiroshi Tamura walitoa picha walizopiga kupitia dirisha la injini ya majaribio huko Lampoldshausen, Ujerumani. Shinikizo lilipokuwa chini ya upeo, mfoko wa oksijeni ulimwaga matone, kama ilivyotazamiwa. Lilipouvuka, matone yalitoweka. Mahali pake palionekana nyuzinyuzi laini zikichomoka ubavuni mwa mfoko na kuyeyuka katika gesi, mfano wa maziwa yanapomiminwa katika chai. Mwaka 2002 Bruce Chehroudi na wenzake huko California walipima jinsi mfoko wa namna hiyo unavyotanuka kila unavyokwenda mbele, wakaona kuwa unatanuka kama mfoko wa gesi ndani ya gesi nzito. Umetoka tunduni majimaji, ukaenda kama moshi wa bomba la chai.

Nimetumia neno mfoko, nalo litufae mpaka mwisho: ni kile kinachofoka kwa nguvu kutoka tundu jembamba.

Turudi kwa trekta. Pistoni inapopanda huishindilia hewa mpaka ikabaki moja ya kumi na saba, au karibu na hapo, ya nafasi yake ya kwanza. Katika injini ya kawaida isiyo na tabo, hewa ya Mombasa ikishindiliwa hivyo hufika kama vipimo 45, na joto lake hupita 500 °C. Ndipo nozeli, au nozo kama wasemavyo mafundi wetu, hufunguka kwa nukta fupi mno, sehemu moja au mbili tu za sekunde iliyogawanywa katika elfu, na mafuta hufoka kupitia matundu ambayo upana wake ni robo ya milimita hivi. Je, upeo wa mafuta hayo ni upi? Dizeli ni mchanganyiko wa vitu vingi, wala haina upeo mmoja. Ila tukimchukua setani, mmoja wa jamaa zake wazito, upeo wake ni karibu na 449 °C na vipimo 14. Hewa inayoyapokea mafuta imevuka namba zote mbili. Mafuta yanaingia katika nchi ambamo tone, yakishapata moto wa kutosha, halina haki ya kuishi.

Nililieleza hili kwa fundi mmoja wa Eldoret, mtu ambaye kazi yake ya miaka mingi ni pampu na nozeli za dizeli. Ana chombo cha kupimia chenye mkono wa kusukuma na saa ya kuonyesha shinikizo. Huifunga nozeli, husukuma mkono, na saa ifikapo kama 200, nozeli hulia kwa mlio mkali na ukungu mzuri hutanda katika bakuli. Nozeli mbovu haitoi ukungu. Hutema mchirizi, au hudondosha tone moja nene baada ya kufunga. (Kijana yeyote atakayesimama karibu na chombo hicho asiweke kidole mbele ya nozeli hata kwa mzaha. Mafuta yale hupenya ngozi kama sindano, na watu wamekatwa vidole na mikono kwa jeraha lililoonekana dogo kama la mwiba.)

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Mwalimu, kama ndani ya injini hakuna matone, basi mimi hapa napima nini siku zote hizi?"

Nimesikia maswali machache yaliyokuwa mazuri kuliko hilo. Chombo chake hupima nozeli katika hewa ya chumbani, ya baridi, yenye shinikizo la Eldoret. Katika hewa hiyo mafuta yako mbali na upeo wake, na ukungu uonekanao ni matone ya kweli. Injini inapofanya kazi kwa moto wake kamili, picha ile ya bakulini haiko. Hata hivyo chombo hakisemi uongo. Kinashuhudia kwamba sindano ya nozeli inafunga barabara, na kwamba matundu yako wazi na sawa. Na mfoko, uwe wa matone au wa nyuzi, huzaliwa na tundu. Nozeli inayodondosha bakulini itadondosha na silindani, na mafuta yaliyochelewa hivyo hayana mwendo wa kuyapeleka kwenye hewa. Fundi anapima mlango; anachokifanya mgeni baada ya kuingia chumbani ni habari nyingine.

Tena utafiti umempa fundi haki zaidi kuliko nilivyodhani mtu angempa. Mwaka 2017 Cyril Crua wa Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza, pamoja na Julien Manin na Lyle Pickett wa maabara ya Sandia huko California, walitangaza picha zilizopigwa kwa darubini na kamera ya kasi kubwa, za mafuta yakirushwa katika hewa yenye joto na shinikizo kama la injini ya dizeli. Waliona kwamba kuvuka upeo si kama kuvuka kizingiti kwa hatua moja. Mafuta hutoka tunduni yakiwa bado baridi. Huhitaji muda ili yapate moto. Mwanzoni matone yapo, na ngozi yao ipo. Kisha, hewa ikiwa moto na nzito ya kutosha, tone hupoteza umbo lake la mviringo, hulegea, huvutika, na kuchanganyika na gesi bila ya kupitia njia ile ya kukauka tuliyoizoea. Mafuta mazito huchelewa zaidi kufika huko kuliko mepesi. Basi katika mfoko mmoja, katika sehemu ndogo ya sekunde, dunia zote mbili zaweza kuwamo.

Mkazi wa Plateau anaweza kuziona dunia hizo mbili bila ya darubini. Alfajiri ya baridi trekta likiwashwa hutoa moshi mweupe wenye kuuma macho. Huo ni mafuta ambayo hayakuungua: chuma kilikuwa baridi, kikainyang'anya hewa joto lake, na mafuta yakabaki matone na mvuke mpaka yakatolewa nje. Mchana, trekta likivuta jembe zito mlimani, moshi wake ni mweusi. Mweusi hautokani na baridi. Humo ndani pana moto wa kutosha na kupita kiasi. Kinachokosekana ni hewa.

Na hapa ndipo urefu wa nchi yetu unapoingia. Fanya hesabu ileile ya silinda kwa hewa ya Plateau. Uwiano wa kushindilia haukubadilika, na kwa hiyo joto nalo halikubadilika sana. Bado linapita 500 °C. Lakini shinikizo, badala ya kufika 45, linafika kama 35. Upeo wa mafuta bado umevukwa vizuri. Mtu asiseme, basi, kwamba dizeli haikubali kuchanganyika kwa sababu ya mlima, inakubali. Ila hewa ya kuchanganyika nayo imepungua kwa kiasi cha moja ya tano. Ikiwa mafuta ndani ya injini yangekuwa matone yakingoja kukauka, tungeweza kulaumu ukubwa wa matone na kununua nozeli mpya. Kwa kuwa mfoko huenda kama gesi ndani ya gesi, kuungua kwake kunategemea zaidi hewa unayoivuta ubavuni mwake na kuimeza njiani. Katika hewa nyepesi mfoko huwa mwembamba kidogo, huenda mbele kidogo zaidi, na kwa kila hatua humeza hewa chache. Kiini chake kikikosa oksijeni katikati ya moto hugeuka masizi.

Mwanariadha hulitatua shida hii kwa mwili wake. Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, mji ulio juu kama Plateau, na damu yake ilikuwa imeizoea hewa ya namna hiyo tangu utoto. Trekta halina damu ya kuongeza. Likitoka kiwandani pampu yake imepimiwa hewa ya nchi ya chini, litaendelea kurusha mafuta ya nchi ya chini mpaka mtu aiguse pampu, au alifunge tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wenyewe na kushindilia hewa kabla haijaingia silindani.

Kinachofanyika mara nyingi ni kinyume. Mkulima huona trekta lake halina nguvu. Humwambia fundi aongeze mafuta. Fundi asiyejali huongeza. Nguvu huongezeka kidogo, moshi huongezeka sana, na mafuta yaliyogeuka masizi yalikwisha lipiwa kwa bei ileile ya mafuta yaliyoungua. Moshi ukizidi, husemwa nozeli zimekufa, zikanunuliwa mpya, na moshi ukabaki palepale. Nimeona mashine ya kusagia unga, karibu na njia wapitayo watoto waendao shule, ikiwa imebadilishwa nozeli mara mbili katika mwaka mmoja, na ukuta ulio nyuma yake mweusi kama chungu. Akina mama hungoja unga wao mbele ya ukuta ule, na watoto wachanga mgongoni. Hili si suala la usafi wa ukuta. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa yakini kuwa vyaleta saratani kwa binadamu.

Kwa maoni yangu nozeli imesingiziwa mengi katika nchi hii ya juu. Ni kipande kidogo, chaonekana, chauzwa, na kila mtu aweza kukishika mkononi akasema, huyu ndiye mkosaji. Hewa haishikiki.

Fundi wangu alikubali nusu ya maneno yangu, nayo ni nusu kubwa kuliko anavyowapa wateja wengi. Juma lililofuata aliletewa trekta la mkulima wa upande wa Plateau, lenye moshi mweusi, pamoja na ombi la nozeli nne mpya. Alizipima zile kuukuu. Zote zikalia vizuri, ukungu ukatanda bakulini. Akazirudisha mahali pake, akapunguza mafuta kwa kuigeuza skrubu ya pampu kidogo, chini ya nusu ya mzunguko, akamtoza mwenye trekta ujira wa kazi tu.

Siku ya tatu mkulima alirudi. Moshi ulikuwa umepungua, alikiri hivyo mwenyewe, na tangi lilikaa muda mrefu zaidi. Lakini mlimani ilimbidi atumie gia ya chini kuliko desturi yake, naye alitaka skrubu irudishwe ilipokuwa. Fundi akamweleza habari ya hewa, akamtajia bei ya tabo. Mkulima akatikisa kichwa kwa bei ile. Walibishana mpaka chai ikaletwa, wakabishana na baada ya chai. Mwishowe alisema atakwenda kufikiri mpaka ngano ikomae. Alipoondoka na trekta lake, skrubu ilikuwa bado pale fundi alipoiweka.